Furu Wawili Katika Kioo Kimoja

Tangi la samaki liliingia nyumbani kwangu Butimba mwezi wa Juni mwaka 2021, limebebwa na vijana wanne na kufunikwa blanketi kama maiti. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa maneno, alisimama penye uzio akauliza kama tumefiwa. Nilipomwambia kuwa ni kioo cha kufugia samaki, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani lile lililoko kule chini limepungukiwa nini?" Kule chini ni Ziwa Victoria. Ukikaa barazani kwangu na kuupisha mwembe kidogo, unaliona.

Swali lake lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu. Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la mjukuu wangu, ambaye aliona kuwa babu aliyestaafu tangu mwaka 2010 na kubakiwa na redio na magazeti ya juzi atazeeka haraka. Mimi nilianza kazi hapa hapa Butimba kama mkufunzi wa ualimu, nikaenda kuongoza chuo cha mkoa mwingine, nikarudi kustaafia mahali nilipojenga. Watu wa kazi yangu hawajui kukaa bila kuwa na wa kuwasimamia. Mjukuu alilielewa hilo kuliko nilivyolielewa mwenyewe.

Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Kwa mazoea nilikokotoa kabla halijatua chini: lita 270. Tukijaza na kuacha sentimita tano juu, ni lita 243, yaani kilo 243 za maji, mbali na mawe na mchanga. Meza ya sebuleni ikafukuzwa kazi siku ile ile. Seremala akatengeneza nyingine ya mninga, nene kama ya kupasulia nyama, nayo ikagharimu fedha ambazo mke wangu hakuambiwa zote.

Kesho yake nilikwenda mwaloni kutafuta samaki. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanza, na nitayaeleza kwa utaratibu kwa sababu najua wako wasomaji ambao watoto au wajukuu zao watawaletea kioo kama hiki.

Nilikuta vijana wawili wanaovua kwa ndoano ndogo pembeni mwa mawe. Niliwaambia nataka furu wa rangi. Walinitazama kama jirani alivyonitazama, lakini fedha ni fedha. Kufikia saa nne walikuwa na ndoo iliyojaa vito. Sijui neno jingine. Kulikuwa na wale wenye mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano na kifua cheusi, na kulikuwa na wale wa bluu ya kijivu wenye mistari myeusi ya kushuka, ndiyo maana wataalamu wakawaita pundamilia. Nikachagua wekundu sita na wa bluu wawili. Humo ndooni mlikuwa pia na wengine wengi wa rangi ya majani makavu, wasio na sura yoyote, ambao kijana alinisihi niwachukue bure. Nikamwambia awarudishe ziwani. Sikutaka samaki wagonjwa.

Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa majike. Mimi, niliyeongoza chuo chenye mabweni ya wasichana na wavulana kwa miaka mingi, nilikuwa nimejenga bweni la madume wanane, nikawatilia maji mapya ya bomba yaliyokaa usiku mmoja tu, nikaketi kwenye kiti changu kuwatazama wakiishi kwa amani.

Kabla ya kusema kilichotokea, niseme kidogo juu ya furu, maana vijana wa leo wa Mwanza wanawajua sangara na sato, na ukiwauliza habari za furu watakuonyesha chambo. Nilipofika hapa kama kijana furu walikuwa chakula cha maskini na cha kila mtu. Walianikwa juu ya miamba yetu hii hadi mji mzima ukanuka. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1976 kilifunguliwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha kuku. Mwaka 1977 wakaja watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na wenzetu wa Tanzania, nao wakaanza kuvuta nyavu zao katika Ghuba ya Mwanza, hasa kwenye mstari unaotoka ghuba yetu ndogo ya Butimba kuvuka hadi ng'ambo. Niliwaona zaidi ya mara moja, wamekaa juani wakipima meno ya samaki wadogo kwa vifaa vya mfua dhahabu. Tuliwacheka. Kumbe walikuwa wanaandika orodha ya walio karibu kufa. Katika ziwa hili waliishi aina za furu zinazokisiwa kuwa 500 au zaidi, nyingi ambazo hazipo mahali pengine duniani, na zote zilitokea katika muda mfupi, kwani ziwa lenyewe lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita na kujaa upya. Sangara, aliyeletwa ziwani kutoka upande wa Uganda miaka ya 1950, aliongezeka ghafla katika ghuba yetu katikati ya miaka ya 1980. Ilipofika mwishoni mwa muongo huo, nyavu za Butimba hazikuwa na furu wa kutosha hata kulisha paka. Kiasi cha aina 200 zinadhaniwa kutoweka.

Wa kwenye mawe ndio walionusurika zaidi, kwa sababu sangara mkubwa haingii kwenye nyufa. Na yule mwekundu niliyemnunua ana jina la heshima kuliko samaki yeyote wa nchi hii. Mwaka 1985 watafiti wale wa Kiholanzi walimpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Nilifurahi sana kulijua hilo. Nilimwambia kila mgeni kuwa sebuleni kwangu wamo akina Nyerere sita.

Siku ya tatu walibaki watano.

Siku ya sita, wanne. Na mmoja wa bluu akafa pia. Sababu zilikuwa mbili na nilizijua moja moja. Ya kwanza ni maji. Tangi jipya halina vijidudu vile visivyoonekana ambavyo hugeuza uchafu wa samaki kuwa kitu kisichodhuru, na vijidudu hivyo huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Aliye na busara huanza na samaki wawili au watatu wagumu, huwapa chakula kidogo, huwabadilishia robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba huyaacha ndooni wazi siku nzima ili dawa itoke. Mimi nilitia wanane siku moja. Ni kama kufungua shule kabla ya kuchimba vyoo.

Ya pili ni vita. Dume mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake kwa kama ukubwa wa ukucha, alilichukua rundo la mawe lote. Wengine walipofushwa rangi. Sizungumzi kwa mafumbo: furu dume akishindwa, wekundu humtoka ndani ya saa chache akawa wa kijivu kama jike, asiweze kutambulika. Mmoja wao alihamia juu kabisa, kwenye kona penye bomba la hewa, akakaa kichwa juu mkia chini, mapezi yamechanika kama bendera ya zamani. Akishuka hata kidogo kutafuta chakula, mkubwa alimjia kama risasi. Nikawa namgongea kioo. Namgongea yule wa kona. Nilimwambia, "Shuka wewe, kwa nini unakuwa mkaidi?"

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimwambia."

Sikumuuliza nani.

Kaka yangu alifariki kwao Magu mwaka 1984 na kuacha mtoto wa kiume wa miaka kumi. Mwanangu wa pili alikuwa na umri ule ule, walipishana miezi minne. Nilimchukua mtoto wa kaka kama ilivyo desturi, na nilikuwa na msimamo mmoja ambao niliona fahari nao: hakutakuwa na mtoto wa nyumbani na mtoto wa kuletwa. Kila kitu sawa. Chumba kimoja, kitanda kimoja, darasa moja, mashati kutoka jora moja, fimbo idadi sawa. Nilipopewa nyumba ya chuo yenye chumba cha ziada, mwaka 1986, mke wangu alisema, "Mwalimu, watenganishe hawa." Nilikataa. Niliogopa watu waseme kuwa nimemtoa yatima chumbani.

Sikuona yaliyokuwa yakitendeka mle. Au niliona matokeo tu, nayo yalikuwa ya aina moja: huyu wa kaka kachelewa, kanuna, hakuja mezani, kaenda kulala kwa rafiki, kashindwa mtihani ambao mwenzake kashika nafasi ya tatu. Mwanangu alikuwa mchangamfu na mwenye adabu mbele yangu. Ni miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye watoto, alipokiri kwangu jinsi alivyomtawala mwenzake usiku hadi usiku, kwa maneno zaidi kuliko kwa ngumi, akimkumbusha kitanda ni cha nani. Mimi nilimchapa yule wa kaka kwa ukaidi. Mwaka 1990, akiwa kidato cha pili, aliondoka na begi moja. Ilikuwa wakati ule ambapo sangara aliwavuta vijana kama sumaku inavyovuta misumari. Alikwenda kisiwa cha Kome kuvua, akaoa huko, akawa na mtumbwi wake. Alikuwa akija misibani. Aliniamkia vizuri. Hakulala kwangu hata usiku mmoja.

Nirudi kwenye samaki.

Mtu aliyenifunza ni mzee mwenzangu wa hapa mtaani ambaye ujanani alifanya kazi kwenye boti ya utafiti. Alikuja, akasimama mbele ya kioo mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akaniuliza niliwachagua kwa kigezo gani. Nikasema kwa uzuri. Akasema, "Mwalimu, wewe umeajiri walimu sita wote wa hesabu na wote wanataka kuwa wakuu."

Aliyonieleza jioni ile yalinipa usingizi mbaya. Nilidhani samaki wanaofanana watapatana. Kinyume chake, dume wa furu humshambulia zaidi yule anayefanana naye kwa rangi, kwa sababu huyo ndiye mshindani wake halisi: anataka mwamba ule ule, chakula kile kile na majike wale wale. Wa rangi nyingine anaweza kupita karibu akatazamwa tu. Kwa hiyo anayepanga tangi hatafuti wanaofanana. Anatafuta wanaotofautiana kwa rangi, kwa umbo, kwa kazi na kwa mahali pa kukaa, kisha katika kila aina anaweka dume mmoja na majike wanne au zaidi, ili hata usumbufu wa dume kwa majike ugawanyike. Ukitaka madume wengi wa aina moja, waweke wengi kweli kweli katika tangi kubwa, ili hakuna anayeonewa peke yake. Wawili au watatu ndio idadi mbaya kuliko zote. Wawili katika kioo kimoja, mmoja atakuwa mfalme na mwingine atakuwa kona.

Nikamuuliza, "Na wakizoeana?" Akasema ziwani aliyeshindwa hukimbia mita ishirini mambo yakaisha. Humu hana pa kukimbilia. "Kioo ndicho kinachomuua, Mwalimu. Mwenzake anafanya kazi yake tu."

Kuna hatari nyingine ambayo haimwagi damu. Majike wa wale wekundu na majike wa wale wa bluu hufanana mno, hata mtaalamu hukuna kichwa, na ukiwachanganya aina hizo mbili huzaana, na watoto wao wakazaa pia. Ziwani kinachowatenganisha ni jicho la jike: humchagua dume wa rangi yake. Lakini jicho linahitaji mwanga. Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi katika ghuba yetu miaka ya 1990, waliwaweka majike chini ya taa ya rangi ya machungwa inayoficha tofauti ya wekundu na bluu, nao wakapoteza uchaguzi wao. Mwaka 1997 watafiti hao walichapisha maelezo yao kuwa maji yakichafuka kwa mbolea na maji machafu kutoka nchi kavu, aina za furu huyeyukiana. Kisiwani Makobe, mdomoni mwa ghuba ambako maji ni maangavu, wekundu na wa bluu wapo mbalimbali kabisa. Kisiwani Luanso, ndani ya ghuba kwenye maji ya tope, utakuta wa katikati tu, si wekundu wala si bluu. Fikiria: aina nzima ya kiumbe inaweza kupotea bila kuuawa na yeyote, kwa kutoonana vizuri.

Nilipanga upya. Niliwarudisha madume watatu mwambani kwao, siku ile ile na mahali pale pale walipovuliwa, baada ya yule mzee kunihakikishia kuwa hawajakaa na samaki wa kutoka kwingine wa kuwaambukiza. Nilimbakiza mfalme mwekundu, nikamtafutia majike watano wale wasio na sura niliowadharau, safari hii wamevuliwa pamoja na madume wekundu mwamba mmoja, kina kimoja. Nikaongeza aina ya pili inayokwangua ukoka wa majani kwenye mawe kwa meno yake mengi madogo. Huyu hana shida na mwekundu, ambaye hula vidudu vinavyoelea majini. Wa tatu ni mvunja konokono, samaki mnene mwenye rangi ya shaba, ambaye kooni ana mataya mengine ya kusagia. Wataalamu waliwahi kumjaribu kule Kenya kupunguza konokono wa kichocho. Mwingereza Greenwood alionyesha mwaka 1965 kuwa samaki huyu akilelewa kwa chakula laini, mataya yale ya kooni hayakui makubwa kama ya ndugu zake wa ziwani. Kwa hiyo namtafutia konokono mwenyewe, kwa glavu za mpira, kwa sababu kichocho hakijui kama umestaafu.

Chakula cha wengine si ghali. Dagaa waliosagwa, kidogo. Mchicha uliochemshwa kwa mkwangua mawe. Na msimu wa vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi wa mbali na kufunika taa za mji, asubuhi nafagia chini ya taa ya baraza na kujaza kopo. Hiyo ndiyo sikukuu yao. Mke wangu, ambaye kwa miaka arobaini aliwalaani wadudu hao, sasa ananiambia, "Leo wamekuja wengi."

Yapo na maarifa madogo. Mawe yapangwe hadi karibu na juu, yenye mapango mengi kuliko idadi ya samaki, na yasiruhusu mfalme kuona tangi zima akiwa kwake. Ukileta samaki mgeni, vunja mawe yote uyapange upya kabla ya kumtia, ili hata mwenyeji awe mgeni siku hiyo. Hili la mwisho lingenifaa sana shuleni. Mjukuu alitaka pia tulete samaki wa Kigoma na wa Ziwa Nyasa, wote wa ukoo huu mpana, nikamkatalia. Wale wa Tanganyika wanaokula majani tu huvimba tumbo na kufa wakila vyakula vya wenzao. Wale wa mawe wa Nyasa ni wakali kuliko hawa wangu. Kila ziwa na watu wake.

Mmoja sikumrudisha ziwani: yule wa kona. Alikuwa amechanika mno. Nilimnunulia tangi dogo la lita 60, nikaliweka kwenye dirisha la upande wa pili, ambako hawaonani na mfalme. Kwa wiki mbili alikaa vile vile, kichwa juu, kwenye kona, wakati hapakuwa na yeyote wa kumfukuza. Hilo lilinisumbua kuliko yote. Wiki ya tatu alishuka. Mwezi wa pili nilipoingia asubuhi na chai yangu nilidhani mjukuu kanunua samaki mwingine: mgongo mwekundu, ubavu wa njano, kifua cheusi tii.

Mtoto wa kaka alikuja Februari 2023. Alikuwa na shughuli ya macho hospitalini, ikachukua siku mbili, na kwa mara ya kwanza tangu 1990 alisema atalala kwetu, kwa sababu wenyeji wake walikuwa wamesafiri. Ni mtu wa karibu miaka hamsini sasa, mikono kama kamba za nanga. Aliamkia, "Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama mdogo," akaketi karibu na mlango, akaviona vioo. Hapo akasahau kuwa ni mgeni. Aliinuka akapiga magoti mbele ya tangi kubwa, akaanza kunitajia nani anavuliwa kina gani na upepo gani. Mambo mengine sijayasoma popote.

Halafu akafika dirishani. "Na huyu? Mbona mzuri kuliko wote na yuko peke yake?"

Nikamwambia alikuwa kule, akapigwa karibu afe.

"Alikuwa mkorofi?"

"Hapana," nikasema. "Hakuwa na kosa. Waliwekwa wawili mahali pa mmoja, na aliyewaweka alidhani anatenda haki." Nilikuwa nimezoea kuhutubia watu mia nne bila karatasi. Nilitafuta sentensi inayofuata sikuiona. Nikasema tu, "Mama yako mdogo aliniambia mapema. Sikusikia."

Aliendelea kumtazama samaki. Mke wangu alitoka kwenda jikoni ambako hapakuwa na kitu motoni.

"Anakula nini?" akauliza.

Nikampa kopo la dagaa. Kwa vidole vile alitia kingi mno, nikaona maji yatachafuka, nikafunga mdomo. Usiku nilifyonza mabaki kwa mpira, taratibu, kwa sababu alikuwa amelala kwenye kochi pale pale sebuleni.

Mwezi mmodi baadaye alituletea zawadi kutoka Kome: dumu la lita ishirini lililokatwa juu, ndani yake majike saba. Daraja la Kigongo–Busisi halikuwa limefunguliwa bado. Lilifunguliwa Juni 2025. Alivuka kwa kivuko huku amekumbatia dumu na kuwapepea hewa kwa kikombe. Mmoja alikufa njiani. Alisema yule wa dirishani asikae mjane.

Nilijua kanuni kuliko nilivyowahi kuijua. Majike wa mawe mengine, wa kisiwa kingine, ambao hakuna awezaye kuapa kuwa ni wa aina ile. Mfugaji mwangalifu angewakataa, au angewaweka mbali. Nikamshukuru nikawatia wote sita, kwanza nikiwa nimemhamishia kwenye tangi lenye nafasi ya kutosha, ambalo lilinigharimu pensheni ya mwezi.

Walizaa. Jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu, hali chochote cha maana, kidevu kimevimba kama mwenye jino bovu. Watoto kumi na nane walipona. Siwagawi kwa mtu na simwachii hata mmoja ziwani, maana sijui ni akina nani. Dume wa kwanza kati yao ameanza kutoa rangi mwaka huu. Si mwekundu sawasawa. Jua la asubuhi likimpiga, mke wangu husema ni wa machungwa. Mimi naona bluu kidogo kwenye pezi. Mtoto wa kaka hupiga simu Jumapili kuuliza amefikia wapi.